Sura ya Tano: Aliyeondoka na Waliomsoma

Mwaka 1886 kilichapishwa mjini Berlin kitabu cha kumbukumbu kilichoandikwa kwa Kijerumani na mwanamke wa Unguja. Alizaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844, binti wa Sayyid Said bin Sultan na suria wake wa Kicherkesi, Jilfidan, na kwao aliitwa Sayyida Salme. Agosti 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani aliyekuwa jirani yake, Heinrich Ruete, alitoroka kwa manuari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akashushwa Aden. Mwaka uliofuata, hukohuko Aden, alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa, kisha akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini. Kitabu chake, Memoiren einer arabischen Prinzessin, huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu. Kwa watu wa pwani kina uzito wa ziada. Ni simulizi la mtu wa hapa aliyeacha Uislamu na kuihama nchi, nalo limekuwa mikononi mwa wasomaji kwa zaidi ya miaka 130. Muda huo unatosha kutuonyesha jinsi vitabu vya aina hii vinavyopokelewa.

Kitabu cha mtu aliyetoka katika dini na kuhama huamsha maswali matatu. La kwanza: je, anayoyasema kuhusu maisha yake ni kweli? La pili: maisha hayo yanathibitisha nini kuhusu dini aliyoiacha? La tatu: ni nani anayefaidika kitabu hicho kikisomwa? Yote matatu ni maswali halali. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba wasomaji wengi, wanaosifu kwa wanaolaani, hulijibu swali la tatu peke yake, kisha hudhani wameshayajibu yale mawili ya kwanza. Akionekana mwandishi anawafaa wenzetu, basi amesema kweli. Akionekana anawafaa mahasimu wetu, basi ni mwongo. Kitabu chenyewe, pamoja na kurasa zake zisizomfaa mtu yeyote, hubaki pembeni. Hasara hii ni kubwa, kwa sababu mara nyingi kurasa hizo ndizo zenye elimu zaidi.

Tuanze na yaliyomo katika kitabu cha Salme. Msomaji anayekifungua akitarajia hoja dhidi ya Uislamu atarudi mikono mitupu. Sehemu kubwa ni maelezo ya maisha ya majumba ya Unguja: chakula, mavazi, maradhi, Ramadhani, Idi mbili, posa na arusi, ugomvi wa ndugu. Anasimulia jinsi alivyojifundisha kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Msahafu, kwa sababu wasichana wa daraja lake walifundishwa kusoma tu. Anasimulia njama ya mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, na jinsi yeye, msichana wa miaka 15, alivyokuwa karani wa waasi kwa sababu ya kalamu yake hiyo. Anapofika kwenye hali ya wanawake anabishana na Wajerumani waziwazi: anasema mke wa Kiislamu si mnyonge kama wanavyodhani, kwamba ana mali yake na ana jamaa wa kumtetea, na kwamba ameona ndoa nyingi za Kikristo zisizo na furaha yoyote. Anaikosoa shule ya Kizungu. Kuhusu kubatizwa kwake hasemi karibu lolote. Jambo lenyewe linapita kwa maneno machache, mimba haitajwi, wala mtoto wa kwanza aliyezaliwa Aden na kufa akiwa mchanga. Mwishoni anajipima na kujiona Mkristo aliyepungukiwa, na Mjerumani wa kiasi cha zaidi kidogo ya nusu. Kwa hiyo tuna kitabu cha mtu aliyeacha Uislamu ambacho hakielezi kwa nini aliuacha, na ambacho kinautetea kwa kurasa nyingi.

Sasa tazama kilivyopokelewa. Kilichapwa upya mara kadhaa ndani ya mwaka uleule wa 1886, na wakati huo ndio unaoeleza mengi. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alizunguka bara akikusanya mikataba na machifu. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikaipa hati ya ulinzi miliki yake. Agosti 1885 manuari za Kijerumani zikajipanga mbele ya Unguja kumlazimisha Sultani Barghash akubali. Salme mwenyewe aliletwa katika safari hiyo, na madai yake ya mirathi yakawa kisingizio mkononi mwa Bismarck. Barghash alipokubali, madai yale hayakuwa na kazi tena, na serikali ya Ujerumani ikayaacha. Tarehe 1 Novemba 1886 Ujerumani na Uingereza zikagawana nchi za bara na kumwachia Sultani visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Msomaji wa Berlin aliyenunua kitabu mwaka huo alikuwa ananunua habari za mahali ambapo nchi yake ilikuwa inaingia. Alitaka nyumba ya Sultani ifunguliwe mlango, na mwandishi alikuwa na ufunguo. Kwamba mwandishi huyohuyo alikuwa akimwambia kuwa hakuielewa nyumba hiyo hata kidogo, hilo halikumzuia kufurahia samani zake.

Upande wa Unguja nao ulikuwa na jibu lake, ingawa halikuandikwa katika gazeti lolote. Kisheria, kwa fikihi iliyofuatwa, aliyeritadi harithi kutoka kwa Mwislamu, na hilo lilimkatia Salme haki juu ya ndugu waliofariki baada ya yeye kuondoka. Barghash alikataa kumpokea mwaka 1885, na safari yake ya pili mwaka 1888 haikubadili kitu. Hata mapema zaidi, Barghash alipozuru London mwaka 1875, Salme alikwenda kutafuta nafasi ya kuonana naye, na Sir Bartle Frere akamzuia kwa ahadi ambazo serikali ya Uingereza haikuzitimiza. Mtu anaweza kusema kwamba yote haya yalikuwa hukumu ya dini. Sioni hivyo tu. Barghash alikuwa na sababu ya kumkasirikia iliyotangulia ubatizo: baada ya njama ya 1859 kushindwa, Salme alipatana na Majid, na wale wa kambi ya Barghash, pamoja na dada yake kipenzi Khole, waliona amewasaliti. Aliporudi, alirudi chini ya bendera ya taifa lililokuwa limeelekeza mizinga kwenye kasri. Kusema kwamba alikataliwa kwa kuwa alikuwa murtadi ni kweli kwa sehemu. Kusema kwamba ni kwa hilo pekee ni kukipa kitabu maana ambayo chenyewe hakina.

Karne ya ishirini na hii yetu zimempa wasomaji wengine. Mwaka 1989 kitabu kilitolewa upya Ujerumani kwa jina la Leben im Sultanspalast, yaani maisha ndani ya kasri la Sultani, na mwandishi aliyekuwa akibishana akawa mwandishi wa kuonyesha mambo ya mbali. Riwaya za mapenzi zikafuata, kama ile ya Nicole C. Vosseler ya mwaka 2010. Unguja, Jumba la Makumbusho la Kasri lilipofunguliwa mwaka 1994 katika Beit al-Sahel, chumba kizima kilitengwa kwa ajili yake, na watalii wakawa wakiongozwa humo na kusimuliwa habari za binti mfalme aliyekimbia na Mjerumani. Hamburg, mwaka 2019, kiwanja kimoja katika mtaa wa Uhlenhorst kilipewa jina lake. Mwaka 2020 ikaamuliwa jina hilo liondolewe, kwa sababu watu walikuwa wamesoma sura yake juu ya utumwa. Katika sura hiyo anadai kwamba mtumwa wa Mashariki, akishafika, hutendewa vyema, kwamba Mwafrika hapendi kazi, na kwamba Waingereza waliokomesha biashara ile waliwatia hasara Waarabu bila haki. Nitaurudia utumwa baadaye, kwani una uzito kuliko mengine yote. Kwa sasa nataka tu ionekane jinsi mtu mmoja alivyosomwa kama mfungua mlango wa nyumba ya Sultani, kama mpenzi shujaa, kisha kama mtetezi wa utumwa. Kila kundi la wasomaji lilichukua sura moja na kuacha nyingine, na sura zote zilikuwemo tangu 1886.

Mfano wa pili uko karibu nasi kwa wakati, na sehemu kubwa yake ilitokea Nairobi. Ayaan Hirsi Ali alizaliwa Mogadishu mwaka 1969, binti wa mpinzani wa Siad Barre, Hirsi Magan Isse. Familia ilipitia Saudi Arabia na Ethiopia kabla ya kutua Kenya mwaka 1980, na yeye akasoma katika Shule ya Sekondari ya Wasichana wa Kiislamu, Nairobi. Mwaka 1992, akiwa njiani kwenda Kanada kwa mume aliyechaguliwa na baba yake, aliteremka Ujerumani, akapanda treni hadi Uholanzi na kuomba hifadhi. Alisoma sayansi ya siasa Leiden, mji ambao, kwa sadfa, ndio unaohifadhi pia karatasi za Sayyida Salme. Aliacha Uislamu mwaka 2002, akaingia Bunge la Uholanzi mwaka 2003, na mwaka 2004 akaandika mswada wa filamu fupi Submission, iliyoongozwa na Theo van Gogh. Tarehe 2 Novemba mwaka huo van Gogh aliuawa barabarani Amsterdam, na muuaji akaacha juu ya maiti barua ya kumtishia Hirsi Ali. Kitabu chake kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 2006, kisha kwa Kiingereza kwa jina la Infidel, kikauzwa duniani kote.

Mabishano juu yake yalikuwa yameanza kabla wino haujakauka. Mei 2006 kipindi cha televisheni cha Uholanzi kiitwacho Zembla kilionyesha kwamba alidanganya jina, tarehe ya kuzaliwa na njia aliyopitia alipoomba hifadhi, na jamaa zake wakapinga maelezo yake kuhusu ndoa. Uongo wa maombi yale yeye mwenyewe alikuwa ameshautaja hadharani tangu 2002. Waziri Rita Verdonk alitangaza kwamba huenda hakuwa Mholanzi kamwe. Bunge likachafuka, chama cha D66 kikajitoa, na mwishoni mwa Juni serikali nzima ikaanguka. Baadaye kidogo wasomi wa Ulaya wakabishana wao kwa wao juu yake. Timothy Garton Ash alimwona mtu wa msimamo mkali wa aina nyingine, wa upande wa falsafa ya Kizungu ya karne ya kumi na nane; Pascal Bruckner akamjibu kwa ukali; Christopher Hitchens akamtetea kwa kila namna. Ukiyasoma mabishano hayo leo unashangazwa na kitu kimoja. Somalia, Saudi Arabia na Nairobi, ambazo ndizo nusu ya kwanza ya kitabu, karibu hazimo. Kilichobishaniwa ni Ulaya: wahamiaji wake, uchaguzi wake, hofu zake.

Nusu ile iliyorukwa ina mambo ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuyapima kwa macho yake. Mwandishi anaonyesha kwamba dini ya bibi yake, yenye mizimu ya ukoo na dua za kimila, na dini ya wahubiri wapya waliokuja mtaa wa Eastleigh, Nairobi, katika miaka ya 1980 wakiwa na kanda na vitabu kutoka nje, zilikuwa njia mbili zilizogongana ndani ya nyumba moja. Yeye mwenyewe alivutwa na hii ya pili: mwalimu mmoja aliyempenda alimfanya avae baibui jeusi kwa hiari, na mwaka 1989 aliona ni haki Salman Rushdie auawe. Anasimulia pia kwamba alikeketwa kwa amri ya bibi yake, wakati baba yake, Mwislamu mcha Mungu, alikuwa amekataza jambo hilo na alikuwa kifungoni. Anakiri kwamba ukeketaji ulitangulia Uislamu na kwamba Waislamu wengi hawaufanyi. Msomaji wa Mombasa au Unguja analijua hilo bila kuambiwa, kama anavyojua kwamba Kenya ilipopitisha sheria ya kuupiga marufuku mwaka 2011 wahusika walikuwa Wakristo wa Kisii na Wamaasai sawa na Wasomali. Hapa kitabu kinatoa ushahidi ulio bora kuliko hitimisho la mwandishi wake. Anahitimisha kwamba dini yenyewe ndiyo chanzo. Kurasa zake zinaonyesha baba na bibi wa dini moja wakipingana, na mafundisho mapya yakiifukuza dini ya zamani. Waliomsifu walichukua hitimisho. Waliomlaani walilikataa hitimisho na kurasa pamoja.

Watakuwepo watakaonipinga kwamba mtu aliyeacha dini ana kinyongo, na mwenye kinyongo hafai kuwa shahidi. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama lingetumika kwa usawa. Leopold Weiss, Myahudi wa Lemberg, alisilimu mwaka 1926, akajiita Muhammad Asad, na mwaka 1954 akatoa The Road to Mecca, ambamo anaihukumu Ulaya aliyoiacha kwa maneno mazito. Waislamu wengi wanakipenda kitabu hicho, nami nakiona kizuri, na sijapata kusikia kikikataliwa kwa hoja kwamba aliyehama ana kinyongo na alikotoka. Hapa kwetu tumeyazoea mambo haya hadharani. Katika mihadhara ya kulinganisha Biblia na Kurani iliyoshamiri Dar es Salaam tangu miaka ya 1980, aliyekuwa mchungaji akasilimu alipandishwa jukwaani kama hoja iliyokwisha; katika mikutano ya injili, aliyekuwa shehe akaokoka alipandishwa vivyo hivyo. Kila upande ulimwona wake mkweli na wa mwenzake mnunuliwa. Ikiwa kuhama kunaharibu ushahidi, basi kunauharibu kwa wote. Ikiwa hakuuharibu kwa Asad, basi na Hirsi Ali asikilizwe kwanza, kisha apimwe. Na wingi wa walioondoka hauna kitabu kabisa. Kituo cha utafiti cha Pew kilieleza mwaka 2018 kwamba Marekani karibu robo ya waliolelewa Waislamu hawajiiti tena Waislamu, na kwamba waliosilimu wanakaribia kuwafidia kwa idadi. Watu hao hawakuandika kitu, na hakuna simulizi moja linaloweza kuwasemea.

Pingamizi lingine ni zito zaidi: kwamba vitabu hivi vimetumika, na msomaji asiyeuliza vimetumiwa na nani ni msomaji mjinga. Lila Abu-Lughod, katika Do Muslim Women Need Saving? cha mwaka 2013, ameonyesha kwamba masimulizi ya wanawake wanaoteswa na Uislamu yalipata soko kubwa wakati hasa majeshi ya Magharibi yalipokuwa yanaingia nchi za Kiislamu, na kwamba yanamfanya msomaji aone dini mahali ambapo angepaswa kuona vita, umaskini na siasa. Naikubali hoja hiyo, na Salme ni shahidi wake wa mapema. Lakini matumizi ya kitabu hayatuambii kama ni cha kweli. Bismarck aliyatumia madai ya Salme kama chambo, na madai yenyewe bado yalikuwa ya mtu halisi mwenye watoto wa kulisha. Kinachothibitisha au kubomoa ukweli ni uchunguzi. Mwaka 2003 Norma Khouri alichapisha kitabu alichodai ni kumbukumbu za rafiki yake Mwislamu aliyeuawa na jamaa zake Jordan kwa kumpenda Mkristo. Kiliuzwa sana Australia. Julai 2004 gazeti la Sydney Morning Herald lilifichua kwamba mwandishi alikuwa amekulia Chicago na kwamba kisa kilibuniwa. Walioshuku mapema walikuwa wanawake wa Jordan waliokuwa wakipigana wenyewe na mauaji ya aina hiyo, waliojua mitaa, sheria na tarehe, wakaona havilingani. Uongo ule uliwaumiza wao kabla ya kumuumiza mtu mwingine. Walianza na swali la kwanza, wakalijibu kwa kazi. Kitabu cha Hirsi Ali nacho kimechunguzwa. Uongo wa karatasi za hifadhi umethibitika, na mkimbizi anayemwambia ofisa wa mpakani anachotaka kusikia ni jambo linalojulikana katika kila kambi. Haliwezi kuthibitisha kwamba Eastleigh ya miaka ya 1980 haikuwa alivyoieleza.

Wapo pia watakaoniambia kwamba mizani hii ni anasa. Watu wanauawa kwa kuondoka katika dini, kwa hiyo mwenye kuthubutu kuandika anastahili kusifiwa, na kumhoji ni kuwasaidia wauaji. Hatari ni ya kweli kabisa. Tarehe 18 Januari 1985 serikali ya Nimeiry ilimnyonga Mahmoud Mohammed Taha mjini Khartoum kwa kosa la kuritadi, naye alikuwa mzee aliyejiita Mwislamu hadi mwisho. Adhabu ya kifo kwa kuritadi ilifutwa Sudan mwaka 2020 tu. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inataja wazi uhuru wa mtu kubadili dini yake, na Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inalinda uhuru wa dhamiri na imani. Hata hivyo kila mtu wa pwani anajua kwamba katiba haimzuii mama kumsusia mtoto, wala mtaa kumkatia mtu salamu. Haki ya kuondoka bila kudhuriwa haina sharti, na haimpasi mtu kwanza awe na hoja nzuri. Kwa sababu hiyohiyo haimpi hoja zake kinga ya kujibiwa. Tukimgeuza mwandishi kuwa nembo isiyoguswa, tunamnyima kile ambacho alihatarisha maisha kukipata, yaani kusikilizwa kama mtu mwenye akili anayeweza kukosea. Kuna Waislamu waliomjibu Hirsi Ali kwa kurasa na vifungu, wakionyesha alipokosea katika tafsiri na alipopatia kuhusu nyumba zao. Hao wamemheshimu kuliko wengi waliompigia makofi.

Kwamba makofi yale hayakuwa ya kitabu kulidhihirika Novemba 2023, Hirsi Ali alipotangaza kwamba amekuwa Mkristo. Sababu alizoanza nazo zilikuwa za ustaarabu wa Magharibi na maadui zake. Utupu wa maisha bila imani ulifuata baadaye. Richard Dawkins, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa wasioamini Mungu na rafiki yake, alimwandikia barua ya wazi akisema haamini kuwa amekuwa Mkristo kweli, na walipokutana jukwaani New York mwaka 2024 alikiri kwamba ameshawishika. Baadhi ya Wakristo nao walilalamika kwamba Yesu hakuonekana vya kutosha katika tangazo lile. Kitabu cha Infidel hakikubadilika hata herufi moja. Waliokitumia kama uthibitisho kwamba akili ikifunguka dini huanguka walijikuta na shahidi aliyehamia kwingine, na waliokuwa wakimwogopa kama mkana Mungu wakaanza kumnunua. Salme alipita njia hiyo kabla yake. Katika barua ndefu alizoziandika kuhusu maisha yake Ujerumani, ambazo hazikuchapishwa hadi 1993, anaonekana mtu aliyeitikia ubatizo kabla ya kuuelewa, aliyeteseka kwa kukosa sala alizozizoea, na aliyebaki kati ya dini mbili kwa miaka mingi. Zingechapishwa mwaka 1886 zingewavunja moyo wamisionari na mashehe kwa pamoja.

Nimeahidi kuurudia utumwa. Sura ile ya Salme ndiyo inayoonyesha vyema kwamba kujibu swali la kwanza ni kazi inayowezekana, na kwamba kumwondoa mtu kwenye kibao cha kiwanja si badala yake. Mama yake mwenyewe alichukuliwa utotoni baada ya wazazi wake kuuawa, akauzwa, akafika Unguja kabla hajamaliza kung'oa meno ya utoto. Salme anaeleza hayo kwa huzuni ya dhati, kisha sura kadhaa mbele anautetea utumwa. Hakuona kwamba wasichana wa Kiyao na Kinyasa waliokuwa wakimpepea walikuwa na kisa kilekile. Hilo haliwezi kusawazishwa kwa kumwita mtu wa zama zake, maana katika zama hizohizo, kisiwani hapohapo, watu wengine walikuwa wanaandika kinyume. Mwaka 1887, mwaka mmoja baada ya kitabu chake, A. C. Madan wa misheni ya UMCA alitoa London kitabu kiitwacho Kiungani, chenye masimulizi ya wavulana wa shule ya misheni hiyo Unguja, waliotolewa majahazini na manuari za Kiingereza. Waliandika kwa Kiswahili, na Madan akatafsiri. Nao pia walikuwa wamehamishwa, kwa pingu, na nao walikuwa wameingia Ukristo, kama Salme. Wanaeleza vijiji vilivyochomwa, njaa ya safari, kuuzwa kutoka mkono hadi mkono, na pia maisha ya nyumba za Unguja ambazo Salme anasema zilikuwa na upole. Kitabu kilikusudiwa wachangiaji wa misheni, kwa hiyo swali la nani anafaidika linakihusu hicho pia, na mkono wa mhariri lazima uangaliwe. Mwaka 1934 James Mbotela naye akatoa Uhuru wa Watumwa, kutoka katika kumbukumbu za waliokombolewa na kupelekwa Frere Town, Mombasa. Anayetaka kujua kama binti wa Sayyid Said alisema kweli kuhusu watumwa wa baba yake aviweke vitabu hivyo vitatu mezani na kuvisoma kwa zamu, jambo kwa jambo: soko, chakula, adhabu, kazi ya shamba, na jinsi mtumwa alivyoitwa ndani ya nyumba.